Dagaa wa Alhamisi

Mwalimu Chirinda amepigilia kipande cha boksi karibu na mlango wa darasa la tatu. Kila Jumatatu anakiandika upya, juu yale watoto watakayojifunza wiki hiyo, chini mambo ya kukumbuka. Mimi ndiye mpishi wa shule na sufuria la uji napita nalo mlangoni hapo, kwa hiyo nakisoma nitake nisitake. Mara nyingi ni kata kucha, njoo na chupa ya maji ya bustani, usisahau daftari la hesabu. Jumatatu hiyo kiliandikwa: Wiki hii tunajifunza koo zetu. Kumbuka kumuuliza baba mutupo wako na sifa zake. Ijumaa kila mtoto atasimama mbele ya wazazi na kuzisema.

Hasira zikanipanda hapo hapo, na uji mkononi. Mwalimu mwenyewe kijana, katoka mjini Mutare juzi tu, hajui nani kazaa na nani hapa kwetu. Kwake ilikuwa kazi nyepesi. Na kwa watoto thelathini na tisa ilikuwa nyepesi kweli, maana mutupo ni jina la ukoo, la mnyama au kitu ambacho ukoo huo haukili, mtoto analipata kwa baba yake bila kuhangaika, na watu wazima tunaamkiana kwalo toka asubuhi hadi jioni. Mtoto wa arobaini ni Shamiso.

"Mwalimu, hapo umeandika wamuulize baba," nikamwambia. "Asiye na baba amuulize nani?"

"Kila mtoto ana baba, Mama Ratidzo." Anacheka.

"Hilo nalijua kuliko wewe."

Nalijua kwa sababu baba wa Shamiso ni kaka yangu wa tumbo moja, Phainos. Miaka minane iliyopita Loveness, binti wa Mzee Soko, aliletwa kwetu na shangazi yake, mimba ikiwa inaonekana, kama desturi inavyotaka, ili amwonyeshe mwenye nayo. Phainos alikuwa amebakiza wiki tatu afunge ndoa kanisani na binti wa mchungaji. Mama yetu akatukusanya jikoni, akasema mtoto huyo si wetu na asitajwe tena. Tukaitikia wote. Na mimi niliitikia, tena nilikuwa mkubwa, nina watoto wawili waliokwisha kukua, hakuna aliyenishikia fimbo. Loveness alijifungua, akamwachia baba yake mtoto, akaenda Johannesburg kufanya kazi za ndani. Miezi michache baadaye Phainos akapata Tongai. Leo Tongai na Shamiso wanakaa dawati moja nyuma ya jingine, na Phainos ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Anakuja shuleni na tai, watu wanamwambia "Karibu, Dziva," naye anaitikia kwa sauti nzito.

Sisi ndio Dziva, watu wa maji, na samaki hatuli. Anayekula mutupo wake meno yanamtoka. Ndivyo tulivyolelewa, na hata ukiwa na diploma hujaribu.

Jumanne Shamiso alimpelekea mwalimu jibu. Alisema yeye ni Soko, kama babu yake. Mwalimu akamwambia kwa upole, maana si mtu mbaya, ni mjinga tu wa mambo ya hapa, "Hiyo ni ya upande wa mama. Kaulize upande wa baba, una siku tatu." Akakitazama kile kiboksi chake kana kwamba kingemsaidia mtoto.

Darasa likacheka. Tongai akasema, "Shamiso hana mutupo. Shamiso wa kuokotwa."

Nilikuwa nakusanya vikombe. "We Tongai, funga mdomo wako kabla sijaufunga mimi."

"Lakini kweli, Shangazi."

Aliniita shangazi mbele ya yule mtoto, na yule mtoto akaendelea kuangalia chini. Nilibeba vikombe vyangu nikatoka. Nilitamani kumzaba mtu kofi, na aliyestahili kofi hakuwa darasani.

Jumatano wakati wa mapumziko Shamiso akaja jikoni, mkono kaufumba. Akaufumbua. Jino.

"Mama Ratidzo, nimeupata. Mimi ni Moyo."

"Nani kakwambia?"

"Jirani yetu alichinja ng'ombe. Jana nikaomba kipande cha moyo, nikakila chote. Leo jino limetoka." Akanionyesha pengo, kafurahi hasa. "Kwa hiyo mwiko wangu ni moyo, kwa hiyo baba yangu ni mtu wa Moyo."

Nikaweka mwiko wa kusongea chini. "Shamiso, mama. Hilo jino la utoto. Mwaka huu yamekutoka mangapi?"

"Matatu."

"Na hayo matatu ulikuwa umekula nini?"

Akafikiri, na furaha ikamwisha usoni. "Basi kesho nitajaribu dagaa," akasema. "Nyumbani babu hanunui, na wewe hunipimii. Kesho utanipimia, sawa? Halafu nitaona."

Nilivua aproni, nikamwachia msaidizi wangu sufuria, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Phainos. Anauza misumari na mabati. Nilimkuta anampimia mteja waya.

"Mtoto wako anaomba nyama kwa majirani apate kujua ukoo wake," nikamwambia.

"Tongai?"

"Usinifanye mpumbavu."

Akamngoja mteja atoke. "Dada, haya tuliyamaliza kwa Mama. Wewe ulikuwepo."

"Sikwambii umlee. Nakwambia umnong'oneze mwalimu neno moja. Ijumaa asimame aseme kama wenzake, akae. Basi."

"Na mke wangu atakuwa amekaa hapo hapo anasikiliza. Umelifikiria hilo?"

"Nafikiria mtoto wa miaka saba atakayesimama mbele ya kijiji kizima aseme hana kwao."

"Watoto wanasahau," akasema kaka yangu, akarudi kwenye waya wake. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Phainos saa ile, na nimenyonya naye titi moja.

Alhamisi shuleni ni siku ya sadza, ugali wetu, na dagaa. Watoto ambao dagaa ni mwiko kwao nawapimia maharage, na darasa la tatu anayejulikana ni Tongai peke yake. Lakini Shamiso naye, tangu darasa la kwanza, Alhamisi nampimia maharage. Sikuwahi kumwambia kwa nini. Kinywa nilikifunga kama nilivyoahidi, ila mkono ulikataa kumwekea samaki mtoto wa kaka yangu. Nilijiona nina huruma, nikirudi nyumbani nalala vizuri.

Alikuja na sahani yake. "Dagaa, Mama Ratidzo. Jana nilikuomba."

Nikamwekea maharage. "Dagaa wamepungua."

Akachungulia ndani ya sufuria. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Akanitazama, kisha akageuka akawatazama wenzake waliokaa ukutani wanakula, sahani baada ya sahani, mpaka alipofika kwa Tongai. Akatazama maharage ya Tongai. Akatazama yake.

"Wengine wote umewapa," akasema polepole.

"Sogea, wenzako wanangoja."

Akasogea. Hakula. Alienda kukaa mbali na wengine, sahani mapajani. Nilijua kwamba mtoto ameelewa, nami nikaendelea kupakua.

Ijumaa wazazi walijaa darasani, waliokosa viti wakasimama madirishani. Phainos alikaa mbele na mkewe. Watoto wakaanza, mmoja mmoja, na kila aliyemaliza watu wa ukoo wake walimpigia makofi ya heshima, viganja vimekunjwa. Tongai alisema sifa za Dziva vizuri, akasahau mstari mmoja. Phainos akapiga makofi, kidevu juu.

Zamu ya Shamiso. Mzee Soko alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anatazama viatu vyake.

"Mimi naitwa Shamiso," akasema. "Mutupo wangu ni Dziva."

Akazisema sifa zetu zote. Wiki nzima alikuwa amemsikia Tongai akijifunza nyuma ya dawati lake, na ule mstari alioruka Tongai, yeye hakuuruka. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Watu walimtazama Phainos.

Phainos akasimama, akanyoosha tai. "Mwalimu, ukoo wa watu hauokotwi njiani. Nataka kujua nani kamfundisha mtoto huyu kusema hivyo."

Mwalimu Chirinda jasho lilikuwa limemtoka. "Shamiso, nani amekwambia?"

Mtoto akaficha mikono mgongoni.

"Sema, usiogope. Ni nani? Au umejitungia tu?"

Angeweza kunitaja. Nilikuwa nimesimama ukutani hatua nne kutoka kwake, na macho yake hayakuja upande wangu hata mara moja. Alikubali aitwe mwongo mbele ya wote kuliko kunisema. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikuwa nafichwa na mtoto ambaye tulikataa hata kumtaja.

"Ni mimi," nikasema.

"Dada, kaa," Phainos akasema.

"Nimekaa miaka minane. Wewe ndiye ukae." Nikajitokeza mpaka katikati. "Mimi ni shangazi wa Shamiso. Baba yake ni huyo mwenye tai. Loveness aliletwa kwetu mchana kweupe, na sote tuliokuwa jikoni siku ile tulikubali kusema uongo. Mama Tongai, nisamehe mwenzangu, hukustahili kusikia hivi. Na asiyeamini amvue Phainos viatu, aangalie kidole cha pili cha mguu kilivyopita gumba, kisha aangalie cha huyu mtoto."

Mkewe hakuangalia miguu ya mtu. Alimshika Tongai mkono akatoka naye. Phainos akawafuata, anaongea kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemwambia kwaheri, Dziva.

Nikapiga magoti mbele ya Shamiso, nikakunja viganja, nikampigia makofi jinsi shangazi anavyompigia mtoto wa kaka yake, nikamwita kwa jina la ukoo wetu. Mzee Soko alikuwa analia bila kujificha.

Shamiso aliningoja nimalize.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Kabla hujazaliwa."

Akalifikiria hilo. Mtoto akipigiwa makofi na shangazi yake hujibu, huinama na kusema asante, Shangazi. Darasa zima lilikuwa linamsubiri aseme. Aligeuka akamtazama mwalimu wake.

"Nimemaliza, Mwalimu," akasema. "Naomba kwenda kwa babu."