Watani Walikuja Kunizika

Ugonjwa wenyewe sikuuogopa sana. Uvimbe kwenye kizazi nilikuwa nimeishi nao, damu ikinitoka mpaka nikisimama jikoni naona giza, na daktari alishanipangia upasuaji siku ya Alhamisi. Kilichonipandisha hasira ni kuambiwa kwamba sina watu. Mimi! Raudha binti Abdulwahab, mwenye mgahawa Kambarage, ninayejulikana kuanzia sokoni mpaka stendi!

Na aliyeniambia ni mtoto niliyembeba mgongoni: Bhagwati, binti wa Viral, jirani yangu mwenye duka la vipuri. Kazaliwa hapahapa Shinyanga, Kisukuma anakiongea kunishinda, na sasa anasomea afya ya jamii huko Mwanza. Alikuja mgahawani na kishikwambi chake, akavuta kiti.

"Mama Zuleha, napima mtaji wa watu."

"Mtaji gani tena huo?"

"Si wa biashara. Ni watu ulio nao. Nani atakupeleka hospitali, nani atakaa na wewe ukiumwa, nani unamwamini. Tunataka kujua kama mwenye watu wengi anapona haraka kuliko aliye peke yake."

Nikafuta mikono kwenye khanga, nikakaa mkao wa kuhojiwa. Maswali ya namna hiyo nilijua nitayafaulu.

"Una marafiki wa karibu?"

"Sina. Mashoga wa mji huu wanakula kwako mchana, jioni wanakusema."

"Umo kwenye kikundi chochote?"

"Nilitoka. Mwenyekiti alisema sambusa zangu zina vitunguu kuliko nyama."

"Majirani unaowaamini?"

"Baba yako. Kidogo."

"Ndugu?"

"Kaka yangu Sabiti, na mwanangu Zuleha aliyeolewa Tabora. Hao wananitosha."

Hapo ndipo Makoye alipoingia bila hodi, kama kawaida yake. Makoye ni Msukuma, anapeleka matimba Mwakitolyo, yale magogo ambayo wachimbaji wa dhahabu wanayatumia kuzuia duara, yaani shimo lao, lisiwaangukie. Mkono wake ulifika kwenye chapati zangu kabla ya mdomo kusalimia.

"Mwangaluka, maiti!" akaniambia. "Bado uko hai, Laudha? Mzalamo hafi kwa ugonjwa, anakufa kwa uvivu."

"Toka, mla michembe ya viazi! Umelala na ng'ombe tena? Unanuka zizi."

"Zizi lina heshima. Wewe unanuka nazi."

Akaondoka anatafuna, bila kulipa wala kushukuru. Bhagwati alikuwa anacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Huyu nimwandike rafiki?"

"Rafiki? Huyo ni mtani! Usiniandikie mtu kama huyo." Baba yangu alikuwa Mzaramo, biashara ndiyo iliyomleta huku bara, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani ana haki ya kukutukana na kula chakula chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Sikuona hilo linahusiana nini na afya.

Bhagwati akabonyeza bonyeza kishikwambi.

"Nimepata ngapi?"

"Mama Zuleha, huu si mtihani..."

"Nimepata ngapi, we mtoto?"

"Uko chini," akasema kwa sauti ndogo. "Chini kuliko wote niliowauliza mtaa huu."

Nilimfukuza. Chai yake nikaimwaga. Lakini alipotoka nilianza kuhesabu watu kwenye vidole, maana daktari alikuwa amesema niende Alhamisi na watu wa kuchangia damu. Damu yangu ilikuwa imepungua mno, na bila hao watu asingethubutu kunipasua. Nilikuwa nimesema sawa, kama mtu anayeagizwa chumvi.

Nikampigia Zuleha. Alikuwa ananyonyesha kichanga, haruhusiwi. Nikamwendea Sabiti. Ana sukari, anajidunga sindano kila siku, naye haruhusiwi. "Zunguka mtaani," akaniambia, "ila dada, umegombana na mtaa mzima. Waliosema usitukane wakunga na uzazi ungalipo walikuwa wanakusema wewe."

Nilizunguka hivyohivyo, kichwa juu. Wa kwanza anaogopa sindano. Wa pili alichangia karibuni, muda wake bado. Mwenyekiti wa kile kikundi akaniuliza kwa upole kabisa kama damu yake haitakuwa na vitunguu vingi. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, na chini ya ile hasira kulikuwa na hofu tupu. Nilimwona Bhagwati akinitazama kutoka dukani kwa baba yake, nikageuza uso.

Jumatano Makoye alinikuta nafunga mgahawa mchana.

"Unakimbia wapi?"

Sasa, mtani humwambii, naumwa, nisaidie. Aibu utakayopata itazungumzwa hadi kwa wajukuu. Mtani unamjibu kwa lugha ya utani, basi.

"Nakwenda kufa," nikamwambia. "Kesho asubuhi, hospitali. Mje mnizike, na mje na chakula chenu, siwapikii hata michembe."

"Hatimaye!" akasema. Akapanda fuso lake lililojaa matimba, likashika njia ya Mwakitolyo.

Alhamisi nilikaa kwenye benchi la hospitali tangu mapema, tumbo tupu, Sabiti pembeni anavuta tasbihi. Bhagwati alikuja bila kuitwa. Akaenda moja kwa moja kuchangia damu, nesi akampandisha kwenye mzani, akamshusha. Nesi huyo anaitwa Ghati, Mkurya wa Tarime, hana maneno mengi. "Kilo hazijatimia. Nenda kale ugali." Bhagwati akarudi kukaa karibu yangu, machozi yanamlenga, na nikagundua kwamba sikuwa nimemkasirikia tena.

Daktari akaja. "Mama, watu wako wako wapi?"

Mdomo wangu, ambao mji mzima unaujua, ukawataja Sabiti na Bhagwati tu.

"Akiba yetu ya damu ni ndogo," akasema. "Siwezi kuimaliza kwako bila watu wa kujazia. Wakichelewa, itabidi tukusogeze mbele, na hali yako siipendi."

Basi ndipo tukasikia kilio. Kilikuja kutoka getini, kilio kikubwa cha wanaume, na honi ya fuso juu yake. Kila mtu alisimama. Fuso likaingia limejaa watu wenye udongo wa machimbo kwenye nguo, wengine na majembe, wengine wamebeba machela ya miti, na nyuma kabisa gunia la mchele na kuni. Mbele yao Makoye amejifunga khanga kichwani kama mjane, analia: "Mtani wetu Laudha! Ametutoka na deni la matusi!"

Wengine walikuwa wanacheka. Lakini wengine, wallahi, walikuwa wanalia kweli! Habari ilikuwa imetoka kwa Makoye kama utani, ikapita kutoka duara moja hadi jingine, na ilipofika kwa wale waliokuwa chini kabisa ikawa msiba. Wamepanda juu, wameacha mawe yao, wamekuja kuzika.

Nguvu sijui niliitoa wapi. Nikasimama juu ya benchi.

"Sijafa, wapumbavu ninyi!"

Kisha kijana mmoja mrefu, Masudi jina lake, akatupa jembe chini. "Hajafa? Tumeacha kazi bure? Huyu Mzaramo atulipe maiti yetu!"

"Tulipe maiti!" wakaitikia wote, na sasa hata waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, machozi bado mashavuni. Nilicheka na mimi. Nilikuwa natweta, naona kizunguzungu, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuionja.

Ghati akatoka nje, mikono kiunoni. "Hapa ni hospitali! Mnapiga kelele za nini?"

"Tumekuja kumzika huyu," akasema Makoye.

"Huyu anahitaji damu. Mkiitoa, hamtamzika. Mkimnyima, mtamzika. Chagueni, lakini kimya."

Makoye akavua khanga kichwani. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutukana. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilikwambia nakufa."

Akakunja shati. Nyuma yake wakakunja wote, wakasukumana kwenye foleni wakigombea nani awe wa mbele, wakitangaza kwamba damu ya Msukuma itanifundisha kulima. Ghati akawapanga, akawarudisha waliokunywa pombe na wanaokohoa, na bado waliobaki walijaza ukumbi. Daktari alitazama, akaenda zake kunawa mikono.

Bhagwati alikuwa anarukaruka kama mtoto. "Mama Zuleha! Nilikuuliza unamwamini nani na nani anakupenda. Sikukuuliza nani anakutukana!" Akawa tayari ameshampigia mwalimu wake Mwanza, anamwelezea kwa kelele, mkono mmoja sikioni, kwamba swali moja kubwa limesahaulika, kwamba kuna watu hapa hawaitwi marafiki wala ndugu na wamekuja na machela. Nilimwacha anapiga kelele, mimi wakaniingiza ndani.

Nilipoamka, wa kwanza kumwona alikuwa Makoye. Ameketi kwenye stuli, kofia mapajani, miguu ameiweka pamoja kama yuko kanisani.

"Pole, dada Raudha," akasema.

Raudha, na r yake yote. Na dada! Nikajua nimekufa. "Nini? Wamekata nini?"

"Hapana, umepona. Walitoa uvimbe wote. Lakini ulivuja sana, wakakuongezea damu." Akashusha macho. "Wazee wamekaa kwenye fuso, wamezungumza. Wanasema damu yetu imeingia kwako. Sasa wewe ni dada yetu, na dada hatukanwi. Utani umekwisha."

Hilo liliniuma kuliko kidonda. Nani ataniamsha asubuhi kwa jina la maiti? Nani atakula chapati yangu bila kuomba? Machozi yakanitoka, na sikuona haya kumlilia. "Makoye, nirudishieni. Ichukueni damu yenu, mniachie utani wangu."

Ghati alikuwa anarekebisha dripu. Akaguna. "Damu gani yenu? Ile mliyotoa asubuhi haijapimwa hata. Huyu amepewa iliyokuwa kwenye friji. Yenu ikishapimwa itakwenda kwa wengine, kuna mama wa kujifungua pale, na watoto wa malaria wodi ya pili."

Makoye akasimama. Kofia ikaanguka. "Kwa hiyo huyu hana damu ya Kisukuma?"

"Hata tone."

"Mayu wane!" Akapiga makofi, akakimbilia dirishani kuwaita waliokuwa kwenye fuso. "Bado ni Mzalamo! Bado ni maiti yetu!" Wakashangilia huko nje mpaka honi ikapigwa. Akanigeukia, uso umemng'aa. "Umetudanganya, mla nazi wewe. Mtu mzima hata kufa hujui!"

"Toka na udongo wako, wodi itanuka zizi," nikamjibu, na nikacheka mpaka Ghati akaja kuangalia nyuzi.

Makoye alipoondoka ndipo nikamuuliza Ghati: kama si wao, ni nani?

"Hatuandiki jina kwenye mfuko," akasema. "Mtu tu wa mji huu."

Nimerudi Kambarage sasa, nimepona vizuri kwa damu ya mtu nisiyemjua, na hilo ndilo linalonitesa. Siwezi tena kumnunia mtu. Mwuza mkaa anaponidanganya, mwenyekiti anapopita na pua yake juu, nafungua mdomo, kisha macho yanateremka yenyewe kwenye mkono wake, pale sindano inapoingilia, na ninamsalimia mimi wa kwanza.