Mafuta ya Mgando

Wewe ukimwona mtoto mikono imepauka kwa baridi, ngozi inapasuka, utampita hivihivi tu?

Josefina hakupita. Ndivyo ilivyoanza, na sasa amesimama mbele ya meza ya Rebecka, kitambaa cha vumbi kiko begani, na mezani vitabu vimelazwa chali kama wagonjwa.

Vilikuwa vya Mwingereza mmoja wa enzi za Malkia Viktoria, mtunzi wa riwaya nene nene. Tajiri fulani wa Stockholm alizikusanya, akaiachia maktaba hii pamoja na miswada ya mkono wa mtunzi mwenyewe. Josefina, mtu wa Bujumbura, mkaazi wa Fittja pembezoni mwa jiji, ndiye aliyevipangusa tangu mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa. Alifundishwa akafundishika: kitabu unakibana kisifunguke, brashi laini inatoka mgongoni kwenda nje, mkono uwe mkavu. La kufanya ngozi ya majalada inapokufa, hakuna aliyemfundisha. Majira ya baridi mabomba ya joto hukausha hewa ya chumba kile mpaka midomo inachanika, na mwaka huu majalada yakaanza kumwagia viganja vyake vumbi jekundu. Akavionea huruma vitabu. Akatoa mkobani kikopo cha mafuta ya mgando, yaleyale anayowapaka wajukuu kabla hawajatoka kwenye theluji, akavipaka kimoja kimoja, taratibu, kila pembe, kila mkunjo. Vikang'aa. Akarudi nyumbani roho kwatu.

"Shikamoo, mama," Rebecka akasema. Yeye ndiye mtunza miswada. Amezaliwa hapahapa, ila mama yake alitoka Tabora, na Kiswahili alichonyonya kwake hukisema kazini na Josefina peke yake.

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibu sana?"

Rebecka akanyoosha mkono mezani. Akakifungua kimoja. Hiki hakikuwa cha kupigwa chapa, kilikuwa muswada wenyewe, uliojalidiwa zamani. Mafuta yamepenya jalada, yamezama kurasani, karatasi imekuwa kama kioo cha bafuni. Mwandiko wa upande huu na wa upande ule umepandana. Hausomeki huu wala ule.

"Si ungeweka karatasi ya kunyonya, ukapitisha pasi ya moto kidogo?"

"Mafundi wamejaribu kila kitu. Hayatoki, mama."

Josefina akakitazama kitambaa chake. "Basi nipeni vyoo nisafishe. Nipeni na ngazi zote. Ila chumba hiki msinitoe kabisa. Nitapangusa rafu tu, vitabu sitavigusa."

"Nimemwomba chefen, mkuu wetu, mpaka nimeona aibu. Amesema nej, hataki."

"Hata ngazi?"

"Hata ngazi. Leo ndiyo mwisho."

Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, kwaru, kwaru, bila kuchoka.

"Wajukuu wangu wote niliwapaka hivyohivyo," Josefina akasema. "Hawajaharibika. Labda yule mdogo."

Rebecka akacheka, kisha akajifunika uso kwa mikono miwili. Josefina akazunguka meza, akampapasa mgongo, mpaka ikawa aliyefukuzwa ndiye anayebembeleza.

"Nyamaza. Kosa si lako."

"Nitakuandikia barua nzuri, mama. Upate kazi pengine."

"Umri huu? Nani atanichukua?" Akavua kadi ya mlango shingoni, akaiweka mezani mbali na vitabu, isije ikavigusa. Akachukua koti. Akalivaa mkono mmoja, mkono wa pili ukabaki unaning'inia.

"Kuna jambo, mama?"

"Halina faida sasa."

"Liseme tu."

Josefina akautazama ule ukurasa uliolowa, maneno yamelaliana, mekundu ya kutu.

"Kile Kiingereza mimi sikijui. Toka zamani nilikuwa naona haya kukuomba," akasema. "Huyu bwana alikuwa anasimulia nini? Nilitaka unisomee, Rebecka. Hata ukurasa mmoja."