Ganda la Mwamba wa Marieta

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja hapa Masieda, na aibu yangu kubwa kuliko zote niliipata kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2002, tulipotolewa Arusha tukawekwa katika mkoa mpya wa Manyara. Kijiji kilikuwa kinajenga zahanati kwa nguvu zake, na mawe ya msingi yalikuwa hayapatikani karibu. Mkutanoni, mwenyekiti Baltazar akauliza, "Mwalimu Isidori, mwamba wako hautufai?" Mtu akiniuliza habari za mawe sijui kunyamaza. Nikasimama nikaeleza kwamba ile ni graniti, mwamba uliokuwa uji wa moto, ukaganda polepole chini kabisa ya ardhi kabla Mlima Hanang haujakuwepo, kisha mvua zikala udongo wa juu mpaka ukatokeza kichwa.

"Ni jiwe moja zima," nikasema. "Koka moto juu yake siku mbili, mwaga maji ya baridi, litapasuka lenyewe."

Wakapiga makofi. Nilifurahi sana, mjinga mimi.

Mke wangu Marieta hakupiga makofi. Mwamba ule ndio uwanja wake. Tangu nimuoe anaufagia, anaanika ulezi, anapura mtama juu yake, na upande wa chini kuna shimo la kusagia alilooneshwa na marehemu mama yangu. Moto ungeupasua wote, na mimi nilikuwa nimeutoa bila kumuuliza.

Siku tatu nilipewa chakula bila neno. Chakula chenyewe kilikuwa kitamu kama kawaida, na hilo liliniuma zaidi.

Siku ya kuchoma, watu walifika na kuni. Marieta akatoka ameshika fimbo yake ya kupuria.

"Shikamoo mama," wakamwamkia.

"Marahaba. Wekeni kuni chini kwanza. Mwalimu, vua viatu, uje hapa."

Nikavua. Akapiga mwamba upande wa juu, ukatoa mlio mkavu, mfupi. Akapiga upande wa chini, ukalia kama debe tupu, na nyayo zangu zikahisi mtetemo.

"Hapa pameachana na mwamba," akasema. "Sipuri hapa tangu binti yetu Perpetua azaliwe, mtama unatumbukia kwenye ufa. Na wewe miaka yote unawaambia watoto wa watu ni jiwe moja!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikumbuka somo nililoliandika ubaoni kila mwaka: graniti ikishaondolewa mzigo wa udongo hutanuka, ikabanduka maganda kama kitunguu. Sikuwahi kufikiri kwamba somo lile lilikuwa nyuma ya jiko langu.

"Bandueni ganda hili, linatosha msingi," Marieta akawaambia. "Lakini moto, hapana."

Nikamsogelea. "Marieta, shimo la mama liko kwenye ganda hilo hilo."

"Najua liko wapi. Wanawake wanajifungulia njiani, Isidori. Wachukue."

Nilimpenda pale kuliko siku niliyomuoa, na nilijiona mdogo.

Walihangaika na mitaimbo hadi mchana, ganda likateleza likavunjika chini ya mteremko. Pale lilipokuwa palibaki mwamba mpya, mwekundu kwa mbali, chembe zake zikimetameta. Fundi Basili akainua mguu apande.

"Ngoja!" nikafoka kama niko darasani. "Jiwe hili halijaguswa na jua tangu liumbwe."

Nikamshika Marieta mkono. Mwanamume wa rika langu huku kwetu haombi radhi mbele ya watu, lakini niliomba.

"Nisamehe, mke wangu. Nilitoa kitu kisicho changu. Tangulia wewe."

Marieta akavua kandambili, akapanda, akasimama katikati.

"Lina baridi," akasema, na akasogea kidogo kunipa nafasi.