Vijiko Viwili vya Unga

"Kuku, jamani! Mkate nilioukanda alfajiri kwa mikono yangu hii, leo wanautafuna kuku!"

"Kuku hawatafuni, mama," akadakia fundi cherehani kutoka kibarazani kwake, pini tatu mdomoni. "Kuku wanadonoa."

"Wewe ninyamazie! Kuku ni wako, zamu yako inakuja."

Mama Tanuri alisimama katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni, mwingine umenyanyua ganda la mkate lililojaa matundu ya midomo, kama wakili aliyenasa ushahidi. Mbele yake alikuwa jirani wa chumba cha mwisho, mwanamke mrefu mwembamba, afisa wa kilimo, ambaye ua mzima ulimwita Bibi Shamba tangu siku aliposhusha vyombo.

"Sikuwapa kuku, dada yangu," alisema Bibi Shamba polepole. "Nilimpa fundi."

"Na fundi alikuwa ameshiba," fundi akasema.

"Kwa nini umpe fundi? Nilikupa wewe! Miezi mitatu nakuletea mkate, miezi mitatu sijakuona ukimeza hata kipande. Unasema asante, unafunga mlango. Mkate wangu una nini? Una mchanga? Una nywele?"

Bibi Shamba akawatazama watu waliojaa milangoni, kila mmoja na kazi yake ya uongo mkononi, huyu na ufagio, yule na beseni tupu.

"Mkate wako hauna neno," alisema, akaingia ndani.

Ukweli ni kwamba mkate ulikuwa kisingizio tu. Kilichomuuma Mama Tanuri ni benchi.

Kwa miaka kumi na minne, mtu akitaka kujua lolote kuhusu ngano alikuja kwenye benchi lake, pale chini ya bati, kando ya tanuri. Walikuja kununua mkate, wakakaa kuuliza, wakaishia kusengenya mpaka jua linawapiga miguuni, na hapo ndipo Mama Tanuri alipojiona yuko hai. Alijibu yote. Unga wa kahawia unatoka wapi? Kwenye ngano iliyolimwa udongo mwekundu. Mbona donge la ngano linavutika na la mahindi linakatika? Ngano ina subira, kama mimi na huyu mume wangu. Watu walicheka, wakanunua mkate wa pili.

Kisha akaja huyu. Wiki ya kwanza tu mtu akamuuliza habari ya unga wa kahawia, naye, bila kujitia makuu, akamimina punje kutoka kwenye mfuko wa sampuli. Ngano ni ileile, akasema, ila hii imesagwa na pumba zake, na ile nyeupe pumba zimetolewa. Halafu akamgawia kila mtu punje chache azitafune, asimeze. Wakatafuna kama mbuzi, na baada ya dakika chache kila mmoja alikuwa na kitu mfano wa chingamu mdomoni. "Hicho ndicho kinacholivuta donge," akawaambia. Ua ukalipuka kwa kicheko, watu wakatoa ndimi kuonyeshana. Yeye mwenyewe hakutafuna. Alikuwa bombani akinawa mikono.

Tangu siku ile benchi lilihama kimyakimya. Watu walinunua mkate kwa Mama Tanuri wakiwa wamesimama, wakaenda kuula mlangoni kwa Bibi Shamba. Ngano inakaa shambani miezi mingapi? Minne, mitano, inategemea mbegu na baridi. Na je, ni kweli inanenepesha? Inategemea unakula mkate wako tu, au unakula na wa jirani yako. Wakafa kwa kucheka. Hata mume wake Mama Tanuri, fundi viatu asiyekuwa na habari na shamba, alirudi mchana mmoja macho yamemtoka.

"Mke wangu, kumbe ngano ni aina ya nyasi!"

"Kakwambia nani?"

"Bibi Shamba."

"Basi nenda ukale majani huko huko kwake."

Mama Tanuri akawa anakanda huku masikio yake yapo chumba cha mwisho. Kila kicheko kilichotoka kule alikitwanga kwenye donge, na mikate ya miezi ile, ajabu, iliumuka kuliko ya miaka yote.

Sasa baada ya ugomvi wa kuku, mume alimwita pembeni. "Kama mkate hautaki, mpelekee kitu kingine. Akikataa na hicho, basi kweli anakudharau, na mimi mwenyewe nitamnunia."

Mama Tanuri akapika maharage. Hakuyapeleka jioni, watu wakiwa makwao. Aliyapeleka saa saba mchana siku ya mapumziko, mlango wa Bibi Shamba umejaa viatu, ili mashahidi wawepo.

"Nimekuletea maharage. Si mkate."

Bibi Shamba akalichungulia bakuli. "Maharage matupu?"

"Maharage, nyanya, kitunguu na chumvi. Au unataka na jina la aliyeyalima?"

Watu wakacheka, kwa mzaha wake yeye sasa, na moyo wake ukapata joto ulilolikosa miezi mitatu. Bibi Shamba akala, akakomba bakuli kwa kijiko mpaka likalia.

"Mazito kweli, dada. Umeyafanyaje?"

Mama Tanuri akalivuta bakuli kwake. Huyu mjuzi wa kila kitu, leo anamuuliza yeye! Angemjibu bure hivihivi?

"Hiyo ni siri ya mpishi," akasema, akabeba bakuli lake, akatoka akitembea kama bibi harusi.

Kesho yake mlango wa chumba cha mwisho haukufunguliwa. Kesho kutwa yake habari ilizunguka ua kabla chai haijachemka: Bibi Shamba ni mgonjwa, tumbo linamsokota, hashiki chakula. Watu wakamiminika. Machungwa, uji, chupa za chai. Fundi cherehani akapeleka mayai sita, yeye ambaye yai moja hulitoa kama anang'olewa jino.

Mama Tanuri alitazama msafara ule akiwa kwenye tanuri, roho ikimchoma. Hata ugonjwa wake una wageni! Mimi mwaka jana nimeungua mkono walikuja wawili, na mmoja alifuata beseni lake.

Akaenda, asije akasemwa. Akamkuta Bibi Shamba kalala ubavu, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Wengine walipotoka kuanika shuka, Bibi Shamba akamshika mkono.

"Dada, nakuuliza jambo moja. Yale maharage uliyatia unga?"

"Vijiko viwili vya unga wa ngano. Yapate uzito. Kila siku natia."

Bibi Shamba akafumba macho. "Tumbo langu halipokei ngano. Hata chembe. Daktari alinikataza miaka sita iliyopita."

"Wewe? Bibi Shamba mzima?"

"Mimi. Afisa wa ngano asiyekula ngano. Kazini walinicheka mpaka nikaapa nikihama simwambii mtu. Unadhani nafurahi? Harufu ya mkate wako inaingia dirisha hilo kila asubuhi. Kisha wanakuja wote kuula hapa mlangoni, mimi najibu maswali huku nasikia maganda yakivunjika. Nimekuonea wivu, dada. Wewe unaujua mkate. Mimi naujua kwa kalamu tu."

Mama Tanuri akamwekea mto vizuri. "Wamekuuliza kama ni maharage yangu?"

"Wameuliza. Nimesema maharage hayana neno."

Neno moja tu, na nani angenunua tena mkate kwenye tanuri lile? Na neno hilo huyu alikuwa amelikalia siku mbili, huku anaumwa.

Wiki iliyofuata, asubuhi moja, tanuri halikutoa moshi. Waliokuja na vikapu walimkuta Mama Tanuri kapiga magoti, anasugua sakafu. Mikeka iko nje, kuta zimefutwa, kabati limesukumwa mpaka uani, na juu ya jiko kuna sufuria inayong'aa kama kioo.

"Leo hakuna mkate," akasema.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ni mimi niliyemlaza Bibi Shamba. Ngano inamdhuru, nami nilimtilia unga kwenye maharage, akaniuliza, nikaifanya siri. Kijicho tu." Akakamua kitambaa. "Semeni sasa, nimewapa cha kusema wiki nzima."

Fundi cherehani akakohoa.

"Kumbe kuku wangu waliokoa mtu."

Mtu akacheka, wa pili akafuata. Mama mmoja mwenye kikapu akaketi kwenye benchi kana kwamba hajawahi kuhama. "Lakini mama, ngano inawezaje kumdhuru mtu? Wote si tunakula?"

Jibu lilimjia Mama Tanuri mdomoni, tamu, la uongo, lenye udongo mwekundu ndani yake. Akalimeza.

"Hilo si langu," akasema. "Atawajibu mwenyewe, hapa hapa kwenye benchi. Akishakula."

Akafuta mikono, akakatiza ua mpaka chumba cha mwisho, akabisha. Bibi Shamba akafungua, kajifunga khanga, bado mwepesi kama kivuli.

"Dada," alisema Mama Tanuri, "njoo kwangu tule. Ni viazi na mayai. Sufuria mpya, mwiko mpya, na safari hii niulize chochote, nitakujibu. Karibu ndani."