Ng'ombe wa Hisa

"Ng'ombe wa hisa akifa, walaal, amekufa wa nani?"

Nurto aliniuliza swali hilo mwaka jana, amechuchumaa mlangoni pangu akinimiminia maziwa ya asubuhi kwenye dumu, nami nikamcheka. Si kwa sauti. Nilimcheka kwa ile namna yangu ya kuvuta pembe moja ya mdomo na kuendelea na kazi, mpaka aliyeuliza ajione kama kavuliwa nguo sokoni. Nikamjibu, "Kamuulize yule mwenye viatu vya ncha. Mimi nachuuza maziwa, sichuuzi hisa."

Akafunga kibuyu chake, akasema, "Basi, walaal," yaani ndugu yangu, akaenda zake.

Mwenye viatu vya ncha alikuwa Abdulmalik. Alitushukia hapa Garsen ukame ulipokwisha, wakati mabomani wamebaki ng'ombe wachache waliokonda na mifugo ya watu wengi imekuwa mifupa kando ya barabara. Alikodi chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, akatundika kibao: Zizi la Neema. Kampuni yake, alisema, inanunua ng'ombe waliokonda, inawanenepesha, inawauza ng'ambo kwa meli. Ukinunua hisa, kila mwisho wa mwezi unapata faida. Bei ya hisa moja ilikuwa bei ya mtamba mmoja mzima, asiye na kilema.

Nilimpima tangu siku ya kwanza. Ninauza maziwa kituo cha mabasi mwaka wa kumi na nne sasa, tangu mume wangu alipofariki, na kituoni mtu hujifunza kutazama miguu kabla ya uso. Mwezi ule Garsen nzima ilikuwa tope, mpaka imamu aliingia msikitini suruali imekunjwa magotini. Viatu vya Abdulmalik viling'aa. Mtu wa ng'ombe asiye na hata kinyesi kimoja kwenye soli! Nikasema moyoni, huyu zizini haingii.

Alitugawia karatasi iliyoandikwa juu, "Maswali Ambayo Wawekezaji Huuliza." Maswali kumi na mawili, kila moja na jibu lake chini. Kwa kuwa wanawake wengi wa mtaa wetu hawakusoma, waliniletea mimi, Ruwaida wa darasa la saba la Kipini, niwasomee kibarazani baada ya sala ya alasiri.

"Hisa ni nini?" nikasoma. "Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni yote. Mwenye hisa hamiliki mnyama mmoja mmoja."

"Endelea," akasema Mbeyu, yule Mgiriama anayelima mahindi karibu na mto, mdomo wake haujui kupumzika.

"Je, naweza kupoteza fedha zangu? Kila uwekezaji una hatari zake, lakini ng'ombe wetu wote wamechanjwa."

"Kwani nani kauliza habari ya chanjo?" Mbeyu akadakia. Wakacheka, na kicheko kikalimeza jibu.

"Nikitaka kuuza hisa zangu nitamuuzia nani? Wasiliana na wakala wako. Je, kampuni imesajiliwa na wanaosimamia masoko ya hisa? Usajili unaendelea."

Hapo nikaishusha karatasi. Niliwatazama mmoja mmoja, nikingoja hata mmoja wao ashtuke. Usajili unaendelea! Ni kama bwana harusi kuulizwa kama ana mke mwingine, ajibu kwamba talaka iko njiani. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja akauliza kama faida inalipwa kwa simu au mkononi. Mwingine akauliza kama siku ya Ijumaa ofisi hufungwa. Niliikunja karatasi nikawarudishia, na dharau niliyokuwa nayo kifuani ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, tamu kuliko uji wa futari.

Swali la Nurto halikuwamo kati ya yale kumi na mawili. Sasa najua kwamba ndilo pekee lililostahili kuulizwa. Aliyeliuliza hajui kuandika jina lake, na aliyeulizwa alikuwa na risiti ya kampuni ile chini ya msahafu wake, ina siku tisa.

Ndiyo, nilinunua. Nilinunua kabla ya Nurto.

Mume wangu alikufa na nia ya kuhiji moyoni. Nilikuwa ninaweka akiba ili siku moja nimtume mtu akamhijie, na akiba ya maziwa hujaa polepole, nami nimeanza kuona mvi zangu zinakimbia kuliko akiba yangu. Niliswali istikhara siku tatu nikimwomba Mola anielekeze. Siku ya nne tamaa yangu ilinijibu, nikaipokea kana kwamba imetoka kwake. Nikaenda kwa Abdulmalik kwa mlango wa nyuma, buibui nimelivuta mpaka puani.

"Faida isiyopanda wala kushuka, mwanangu," nikamuuliza, "ni faida au ni riba?"

"Ni neema, mama. Ndiyo maana tukaiita hivyo."

Nililidharau jibu lile papo hapo. Kisha nikafungua mkoba nikamlipa. Sijui kama mtu aliyesoma zaidi yangu anaweza kulieleza jambo hilo. Mimi naweza kusema hivi tu: nilidhani hatari imeandikiwa wale wasioweza kuisoma. Mimi niliiona, nikaitamka kwa sauti mbele ya watu, basi nikaamini tayari imenipita.

Na ng'ombe je? Abdulmalik alitujua kwa jambo moja. Alijua kwamba mtu wa huku haamini karatasi, anaamini chenye miguu minne. Basi, licha ya lile jibu lake la kwanza kwenye karatasi, kila aliyelipa alipelekwa kwa gari mpaka zizi moja nje ya Minjila, peke yake, akaonyeshwa ng'ombe mmoja na kuambiwa, "Huyu ndiye hisa yako." Namba iliyokuwa kwenye risiti ilikuwa pia kwenye kibati cha njano sikioni mwa mnyama. Wakati wa kurudi alikuomba jambo moja: usimtangaze ng'ombe wako kwa watu, jicho lipo.

Ombi lenyewe halikuwa na haja. Kwetu huku humuulizi mtu ana mifugo mingapi, wala huinyooshei kidole kuihesabu. Mwenye mia atakwambia ana vichache vya maziwa ya watoto. Mtu akikueleza ng'ombe wake kwa rangi na pembe, ujue ama amelewa ama anakupenda kupita kiasi. Abdulmalik hakulazimika kutufunga midomo. Alitukuta tumeifunga wenyewe, kwa miaka na miaka, na yeye akakaa ndani ya kimya chetu kama mpangaji asiyelipa kodi.

Wangu alikuwa mwekundu, na doa jeupe kwenye paji. Nilimshika kiwele, maana mchuuzi wa maziwa hawezi kumpita ng'ombe bila kumshika kiwele. Chuchu ya nyuma, ya kushoto, ilikuwa imekufa. Sikio lake la kulia lilikuwa na matundu matatu, moja bichi linatoka maji.

"Mbona mmemtoboa hivi?"

"Kupe, mama. Kupe wa huku ni wakali."

Kupe anayetoboa sikio duara kama kitufe! Nikavuta pembe ya mdomo wangu, nikapanda gari nikarudi nyumbani.

Faida ililipwa miezi mitano. Nurto, ambaye ukame ulimwachia ng'ombe watatu tu, aliuza wawili kesho yake baada ya kuniuliza lile swali, akanunua hisa mbili. Kisha faida ikakauka. Mwezi wa kwanza tuliambiwa ni gharama za chanjo, wa pili ni meli, wa tatu ni benki. Mwezi wa nne likaja tangazo: atakayeongeza hisa nyingine kabla ya Ijumaa atalipwa malimbikizo yote, asiyeongeza angoje.

Alhamisi asubuhi Nurto alikuja kwangu, na safari hii hakuja na kibuyu. Alikuja na kamba mkononi, na nyuma ya kamba ng'ombe wake wa mwisho, yule ambaye maziwa yake ndiyo yaliyosomesha binti zake na kuninywesha chai mimi. Mnunuzi alikuwa anamngoja mnadani saa sita. Kwanza apite ofisini kwa Abdulmalik, kwenye mkutano aliouitisha asubuhi ile, amwambie amwekee nafasi.

"Usimuuze huyu, Nurto."

"Nikikosa malimbikizo, wale wawili wamekwenda bure." Akachuchumaa palepale alipochuchumaa mwaka jana, akashusha sauti. "Nikwambie kitu, walaal. Wewe huna kitu kule, jicho lako haliwezi kuwadhuru. Wangu mmoja sikumpenda, amekonda. Lakini yule mwingine! Mwekundu. Ana nyeupe hapa." Akajigusa kwenye paji. "Chuchu moja ya nyuma imekufa, lakini atazaa, nakwambia atazaa vizuri. Kila siku namwombea."

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha dumu. Nilikifunga, nikakifungua, nikakifunga tena. Lilikuwa neno moja tu la kusema, na ulimi haukunyanyuka, kwa sababu neno lile lisingetoka peke yake. Lingetoka pamoja na mlango wa nyuma, na buibui puani, na siku tisa. Mtaa mzima hunijua kama mwanamke asiyedanganyika. Kwa mjane asiye na mali, sifa hiyo ni nyumba.

"Twende wote mkutanoni," nikasema.

Chumba kilikuwa kimejaa. Nurto alimfunga ng'ombe kwenye nguzo ya nje, karibu na dirisha. Abdulmalik alisimama mbele na karatasi zake, viatu vinang'aa, akatukaribisha tuulize maswali yoyote. Wakauliza. Hisa ya pili itapandisha faida? Malimbikizo yatakuja kwa simu? Aliyajibu kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. Mzee Boru, mfugaji wa Kiorma mwenye fimbo, akauliza kama meli imeshafika. "Iko njiani, mzee." "Basi inaswaga ng'ombe kwa miguu hiyo meli," akasema Boru, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokwishalipa.

Nurto akainua mkono. "Mimi nataka moja. Niwekee nafasi. Mpaka saa saba nitakuwa na pesa."

Abdulmalik akachukua kalamu.

"Mimi pia nina swali," nikasema, nikasimama. "Ng'ombe wangu ni mwekundu. Ana doa jeupe kwenye paji."

Watu wakainamisha macho kama mtu ametaja tupu yake hadharani. Mbeyu akaguna, "Haki, Bi Ruwaida, wewe? Nawe unaye?"

"Ninaye. Chuchu yake ya nyuma, ya kushoto, imekufa. Nataka kujua ni nani mwingine hapa anaye."

"Mama, tafadhali, ng'ombe wekundu ni wengi," akasema Abdulmalik. "Na mila zenu tunaziheshimu, mambo haya hayasemwi mbele za watu."

"Nyamaza, kijana." Huyo alikuwa Boru. Alikuwa ananitazama mimi, si yeye. "Pembe ya kulia imeinama kwenye jicho?"

"Imeinama."

Mzee akapitisha ulimi kwenye meno yake. Hakuna aliyeniambia kwamba Boru alikuwa na hisa, na kwa uso wa watu niliona hawakuwa wamejua wao pia. "Sikio la kulia," akasema polepole. "Matundu mangapi ulipomwona?"

"Matatu."

"Mimi nilikuta mawili. Kila kibati kipya, tundu jipya."

"Mimi sikuhesabu," Mbeyu akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kucheka, kisha ikakataa. "Nilidhani ni chujio la chai. Yesu wangu. Nilimpelekea chumvi yule ng'ombe. Nilimpelekea chumvi!"

Ndipo vinywa vilipofunguka. Watu ambao hawajawahi kutaja hata mbuzi wao mbele ya jirani walikuwa wanapiga kelele rangi na pembe na paji, kila mmoja na namba yake ya risiti, wote na ng'ombe yuleyule. Abdulmalik alizikusanya karatasi zake harakaharaka. Alipofika mlangoni alimkuta Boru ameshakaa kwenye kizingiti, fimbo imelazwa mapajani, kama mtu anayeota jua.

Nilimdharau hata wakati ule. Nilitazama jasho lililoshuka kwenye kola yake nikaona raha. Nilikuwa nangoja raha ile inijae, jinsi ilivyonijaa kibarazani nilipokunja karatasi. Haikujaa. Mkono ulinigusa.

"Mimi nilikuta matano," akasema Nurto.

Hakuwa anamwangalia Abdulmalik. Alikuwa ameshika vidole vyake vya mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja, jinsi anavyohesabu vibuyu tunapolipana. Alifika cha tatu, akasimama. Akaenda mpaka cha tano. Akarudi tena kwenye cha tatu, akakishika hapo muda mrefu, huku kelele zinaendelea juu ya vichwa vyetu.

"Tatu," akasema. "Nilipokuuliza, ulikuwa umeshanunua."

"Nurto."

Aliniangalia. Nilitafuta usoni mwake ile pembe ya mdomo inayovutwa upande mmoja, kwa kuwa nilistahili kuiona angalau mara moja ikiwa juu ya uso wa mtu mwingine. Haikuwepo. Akajifunga mtandio, akapita katikati ya watu. Boru alisogeza miguu yake kumpisha. Kupitia dirishani nilimwona akifungua kamba kwenye nguzo, akamgeuza ng'ombe, akaacha njia ya mnadani na kushika ya nyumbani, na ile inayopita mlangoni pangu hakuishika.