Miguu ya Rugemalira

Rugemalira alirudi salama kutoka vita vya Amini, akalima kibanja chake Kibeta kwa miaka mingi bila kuugua. Kisha, mwaka ule wa themanini na tisa, miguu ikaanza kumwaka moto. Hata shuka likigusa vidole alipiga kelele. Hospitalini mjini walimpima, wakamwambia mkewe Klaudia ampeleke nyumbani ampe chakula kizuri. Dawa ya miguu hawakuwa nayo.

Jirani yao Ephrasia ndiye aliyesema Muleba kuna daktari Mchina, mwanamke, anayetibu kwa hela kidogo, na asiye na hela anapokelewa hivyo hivyo. Wakapanda basi.

Daktari hakuigusa ile miguu. Alimshika Rugemalira kifundo cha mkono, akafumba macho kama anayesali. Akataka kuona ulimi. Akauliza habari za choo na usingizi. Klaudia alimtazama muuguzi Protase, aliyekuwa akitafsiri.

"Umemwambia kweli kwamba kinachouma ni miguu?"

"Nimemwambia, mama. Ndivyo anavyopima."

Daktari akafungua kopo la sindano nyembamba kama unywele. Klaudia akaruka, akamshika mkono.

"Waitu daktari, hapana! Redio kila siku inasema tuogope sindano. Ndizo zinazoleta Juliana, ukimwi huu!"

"Hizi zimechemshwa," Protase alisema. "Na kila mgonjwa ana zake."

"Mwache anichome, Mama Jovitha," Rugemalira alisema taratibu. "Huo Juliana ninao tayari. Waliniambia mjini."

Klaudia akauachia mkono wa daktari. Hakulia. Alijiuliza mambo mengi kwa pamoja: lini, kwa nani, na yeye mwenyewe je? Alibaki anatazama sindano zikiingia chini ya goti bila damu kutoka, na mumewe, badala ya kulia, akisinzia kitini.

Walirudi na mfuko wa magome na mizizi ya kuchemsha. Harufu yake ilijaa jikoni. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Katekista alituchomesha moto dawa zote za mfumu, za uganga. Sasa hii mizizi ni nini?"

"Ni ya hospitali, mama."

"Mizizi ni mizizi."

Klaudia akaendelea kukoroga.

Waliendelea kwenda Muleba, na moto ukapungua miguuni. Rugemalira akalala usingizi. Akavaa viatu. Siku moja majirani wakamwona kibanjani akikata majani makavu ya migomba, wakaja mbio kumpongeza: amepona! Klaudia naye alitaka kuamini. Safari iliyofuata akauliza. Daktari alieleza kwa muda mrefu, na Protase akatafsiri kwa kifupi:

"Hajapona. Miguu ndiyo imepona."

"Miguu inaponaje, mwenyewe asipone?"

Protase akamtafsiria daktari. Daktari akamtazama Klaudia kwa huruma, akatikisa kichwa.

Rugemalira alikwenda kwa miguu yake kwenye kipaimara cha binti yao Jovitha, akasimama misa nzima. Baada ya mavuno ya kahawa kifua kikamzidi, akafa akiwa amemshika mkewe mkono.

Matangani ndugu waligombana. Wengine walisema Mchina amemmaliza, wengine kwamba ndiye aliyemwongezea siku. Wote walimgeukia Klaudia, naye akasema hajui. Alisema kweli. Kuna asubuhi alimshukuru daktari yule, na jioni hiyo hiyo akamchukia kwa matumaini aliyompa.

Ephrasia alikuja baadaye, amejifunika kanga kichwani. Mwanawe Bashiri alikuwa ameanza kulalamika miguu.

"Niambie ukweli, Klaudia. Ile dawa inasaidia?"

Klaudia alimkumbuka mumewe amekaa kitandani, anafunga kamba za viatu.

"Sijui nikwambieje," alisema mwishowe. "Mwandae. Nitawasindikiza Muleba."