Dozi ya Bosi

Fundi alipoona mikono imechoka na biashara imechoka zaidi, alifunga duka lake la kushona akahamia kwa binti yake na vitu viwili: cherehani na paka. Cherehani ilifunikwa kitambaa kwenye kona ya sebule. Paka alichukua kochi. Lilikuwa dume la kijivu, wateja walilibandika jina la Bosi kwa sababu lilikuwa linalalia nguo za watu na kuamka saa ya kula tu.

Mke wa Fundi alikwisha kutangulia. Binti yake alikuwa msusi, mtu wa kutoka asubuhi na kurudi miguu imevimba, kwa hiyo kutwa nzima nyumba ilikuwa ya wazee wawili, Fundi na paka wake. Fundi alizoea kusema kwamba nyumba ile ina mmoja tu anayemsikiliza, na hata huyo hajibu.

Kisha Bosi akaanza kunywa maji kama aliyelamba chumvi. Alikojoa ovyo, alikula na bado akakonda, mpaka pingili za uti wa mgongo zikahesabika chini ya manyoya. Daktari wa mifugo, mama mpole mwenye mikono iliyojaa mikwaruzo, alimpima akasema ni kisukari. Atachomwa insulini asubuhi na jioni maisha yake yote. Msusi aliguna, lakini baba yake akamkatiza. Hiyo kazi ni yake. Mtu aliyekula kwa sindano tangu ujana atashindwa na hii?

Daktari alimwonyesha: inua ngozi ya ubavuni kama hema, ingiza sindano chini yake, sukuma taratibu. Fundi akarudia mbele yake, chini ya taa kali ya kliniki, bila kukosea. Nyumbani alimwomba binti yake awe anamvutia dawa kwenye bomba la sindano, maana tarakimu za siku hizi, alisema, zimekuwa ndogo mno. Msusi alicheka akakubali.

Miezi ikapita, sukari haikushuka. Daktari akaongeza dozi, akaongeza tena. Aliuliza dawa inahifadhiwa wapi, wakamwambia ndani ya friji. Aliuliza kama inachomwa sawasawa, Fundi akajibu kwa mkato kwamba hajaruka hata siku moja, na hilo lilikuwa kweli. Paka anayeikataa insulini, daktari alieleza, mara nyingi ana kitu kingine mwilini kinachoipinga. Akamng'oa jino lililooza. Akapima damu kutafuta uvimbe kwenye tezi ya kichwani. Hakupata kitu. Mwishowe alisema waziwazi kwamba hapendi dozi ilipofika, na wiki inayofuata atamlaza Bosi kliniki, wamchome wao wenyewe na kumwangalia kutwa.

Kabla ya siku hiyo Fundi alipata homa, akashindwa kuinuka kitandani. Alimwambia binti yake amwache paka leo, kukosa mara moja hakuui. Msusi aliona ni maneno ya mgonjwa. Akavuta dozi ileile ya kila siku, akainua ngozi, akachoma. Vidole vilivyozoea kusuka vilikuwa vyepesi, Bosi hata hakushtuka. Msusi akamwachia chakula akaenda kazini.

Mchana aliporudi kumtazama baba yake, alimkuta amekaa sakafuni. Bosi alikuwa mapajani mwake, miguu inapiga hewa, macho wazi hayaoni. Fundi alikuwa akimpaka asali kwenye fizi kwa kupapasa, nyingine imemwagikia shati.

"Ulimchoma?" aliuliza.

"Nilimchoma, baba."

"Yote?"

"Yote."

Wakamkimbiza kliniki. Walimtundikia paka dripu ya sukari, degedege likatulia, likarudi. Daktari alisema dozi iliyoshindwa miezi yote imefanya kazi leo kwa mkupuo mmoja, ikashusha sukari kupita kiasi. Siku nyingine anachoma nani?

"Mimi," alisema Fundi. Alikuwa bado anatetemeka kwa homa. "Macho yalikwisha kitambo. Nilikuwa naona kivuli chake tu. Mara nyingi nasikia vidole vimelowa, najua sindano imetokea upande wa pili wa ngozi, dawa imemwagika. Lakini ningesema, mngeninyang'anya."

Baadaye daktari alisema, kwa sauti ya chini, kwamba alipaswa kumtaka achome mbele yake kila alipoongeza dozi. Msusi alijua methali ya mficha maradhi, ambayo mwingine angeitamka pale. Aliimeza.

Kulipopambazuka Bosi alikuwa amekufa.

Homa ilipopoa, msusi alimpeleka baba yake hospitali ya macho. Kwenye benchi, katikati ya watu waliofungwa bandeji, Fundi alimuuliza kama kweli angemnyang'anya ile kazi.

"Ningekunyang'anya, baba," alisema msusi.

Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Walipoitwa hakuinuka, msusi akamwomba mara ya pili. Jicho la kulia, waliambiwa, wamechelewa. La kushoto watalijaribu, bila ahadi.